Mama wa Ngazi Hamsini na Nne

Dada yetu tunayemzika leo alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Machi 1962, mtoto wa tatu kati ya sita wa baba fundi bomba na mama muuguzi. Mama alikuwa akisema kwamba huyu alikuja duniani ametanguliza miguu, na tangu siku hiyo hakuipumzisha.

Alianza shule ya msingi Januari 1969. Alipokuwa darasa la nne aliketi dawati moja na msichana ambaye hakuona vizuri ubaoni, akawa anamnong'oneza kila kilichoandikwa. Mwalimu aliwachapa wote wawili kwa kosa la kupiga soga, kisha akawatenganisha. Mwisho wa mwaka marehemu alikuwa wa pili darasani. Yule msichana aliacha shule kabla ya mwisho wa mwaka. Marehemu hakupenda kulisimulia jambo hili, na alilisimulia mara nyingi.

Baada ya sekondari alisomea uhazili, na mwaka 1984 aliajiriwa chuoni kuwa karani wa masjala. Huko ndiko alikokutana na seremala aliyekuja kutengeneza viti vya ukumbi wa mihadhara. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 5 Desemba 1987. Vile viti vilivyoshindikana kutengenezwa, seremala aliamriwa avirundike katika chumba kimoja cha chini, karibu na mlango mkuu. Chumba hicho kikumbukwe, kitatajwa tena.

Septemba 2001 chuo kilianzisha ofisi ya wanafunzi wenye ulemavu, kikamkabidhi marehemu. Ofisi ilipewa ghorofa ya tatu, katika jengo lisilo na lifti. Siku ya kwanza ya kupokea wanafunzi alisikia sauti kutoka chini: "Mama! Ni mimi uliyenipigia simu jana!"

"Panda, mwanangu, mlango uko wazi!"

Sauti ikajibu kwa adabu: "Mama, hiki kiti changu hakijajifunza kupanda."

Marehemu alishuka na faili mkononi na kiti kichwani. Alikitua chini ya ngazi, mbele ya kijana mwenye kiti cha magurudumu, akamwomba radhi. Kiti hicho hakikurudi juu kwa miaka kumi na sita. Hapo ndipo alipowapokea wasioona waliohitaji vitabu vya nukta nundu, wasiosikia waliohitaji mkalimani, na waliohitaji muda wa nyongeza kwenye mtihani kwa sababu mikono yao iliandika polepole kuliko vichwa vyao.

Tatizo lilikuwa mhuri. Kwa mujibu wa waraka, mhuri haukuruhusiwa kutoka ofisini. Kwa hiyo kila fomu ilipojazwa chini, marehemu alipanda ngazi hamsini na nne, akagonga, akashuka. Mwanafunzi asiyeona alitakiwa kuleta fomu mpya kila muhula kuthibitisha kwamba bado haoni, na marehemu alipanda tena.

"Mke wangu, si uutie tu kwenye mkoba?" mumewe alimwuliza.

"Baba, siku watakayougundua mkobani, fomu zote za watoto wangu zitaitwa za kughushi. Wanasubiri sababu tu hao."

"Basi wenzako wameajiriwa na chuo. Wewe umeajiriwa na ngazi."

Kila Januari aliandika barua kuomba ofisi ihamie kile chumba cha chini. Kila Machi alijibiwa kwamba chumba kinatumika. Ni kweli, kilikuwa na viti.

Juni 2016 aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa moyo. Daktari alimwambia, "Mama, kuanzia leo ngazi ni sumu kwako." Alijibu, "Niandikie hivyo hivyo, daktari." Kwa mara ya kwanza alijaza fomu ya kujiombea mwenyewe: chumba cha chini, kwa sababu za kiafya. Utawala uliirudisha. Ilikosa mhuri wa ofisi ya wenye ulemavu. Marehemu alipanda, akajigongea, akashuka, akaituma tena. Kisha alingoja miezi kumi na tisa.

Ijumaa, tarehe 9 Februari 2018, alasiri, alikuja binti wa mwaka wa kwanza, mwenye uoni hafifu. Mtihani wake ulikuwa Jumatatu. "Mama, nitajitahidi hivyo hivyo tu, usipande," binti alimwambia. "Usinifundishe kazi," marehemu alimjibu, akachukua fomu. Alikutwa ameanguka kwenye kituo cha ghorofa ya pili, akiwa njiani kushuka. Karatasi ilikuwa mkononi, wino wa mhuri haujakauka. Alifariki hospitalini Jumamosi, saa tano asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitano. Jumatatu binti aliongezewa dakika arobaini na tano, akazitumia zote.

Jumanne ililetwa nyumbani barua ya utawala. Ombi la marehemu limekubaliwa kimsingi. Hata hivyo, kwa kuwa cheti cha daktari kimepitwa na muda, anaombwa kuleta kipya, kinachothibitisha kwamba hali yake ni ya kudumu. Shemeji, mume wa marehemu, aliisoma mara mbili, akavaa viatu. Aliwapelekea cheti kilichotolewa na hospitali Jumamosi, akakipandisha mwenyewe hadi ghorofa ya tatu, kikagongwe mhuri. Hakukuwa na mtu wa kugonga.

Marehemu ameacha mume, watoto wawili, mjukuu mmoja, ndugu watano, na fomu kumi na moja juu ya kiti chini ya ngazi.

Apumzike Dada. Safari hii asiitwe juu na mtu yeyote.