Historia ya Marehemu Chiu Shui-mu, Aliyeogopa Weupe wa Chumvi

Ndugu wa ukoo wa Chiu mliotoka Lukang, ndugu zetu wa Keelung, wenzake wa maabara, majirani, na ninyi wapenzi wa diski za filamu mliojaza viti vya nyuma, asanteni kwa kuja kumsindikiza mwenzetu, na haya mtakayosikia ndiyo maisha yake, yanayosomwa na dada mkubwa wa mjane, kwa kuwa wasomi wa familia wote wanalia na hakuna mwenye sauti.

Marehemu Chiu Shui-mu alizaliwa tarehe 9 Februari 1947, mjini Lukang, wilaya ya Changhua, akiwa mtoto wa nne wa mzee Chiu Teng-ke, aliyekuwa mtia rangi vitambaa, na mama Hsu Pao, wote wametangulia, na inasimuliwa kwamba baba alikuja kumpokea mtoto mikono ikiwa ya buluu hadi viwikoni, mkunga akapiga ukelele akidhani ni maradhi. Alisoma shule ya msingi hapohapo Lukang kuanzia mwaka 1953 hadi 1959, akaingia sekondari, akaiacha mwaka 1961 baba yake alipofariki, na walimu walisikitika, ingawa mmoja wao alisema kijana huyu akili zake zote ziko machoni, kichwani hakubakiza hata za kuhesabia.

Tarehe 3 Machi 1965 aliajiriwa Taipei, katika maabara ya filamu iliyokuwa Peitou, akianza kwa kuosha filamu, akaenda jeshini Kinmen mwaka 1967 na kurudi mwaka 1970, na mwaka 1974 akapewa kiti cha msawazishaji wa rangi, yaani mtu anayetazama filamu kipande kwa kipande na kuamua wekundu upungue wapi na buluu iongezwe wapi, ili watu wawili wakianza kuzungumza asubuhi wasije wakamaliza jioni kwenye sentensi hiyohiyo. Kiti hicho alikikalia hadi maabara ilipofungwa tarehe 30 Juni 2005, na katika filamu zote zilizopita mbele yake ni moja tu iliyomfuata mpaka leo tunapomzika, nayo ni "Chumvi Haina Mwenyewe" ya marehemu bwana Kuo Tien-ting, iliyoonyeshwa mara ya kwanza tarehe 14 Oktoba 1983.

Wengine hamjaiona, na hamna kosa, maana ni ya saa tatu, mwanamke mmoja yuko kwenye mashamba ya chumvi ya kusini, mumewe amechukuliwa na watu waliokuja na gari, yeye anakokota chumvi, anakokota, hasemi kitu, na mwisho kabisa reki yake inakwama kwenye fungu la chumvi, anasimama, analitazama, basi. Nusu ya watu siku ile waliapa wameona chini ya chumvi ile umbo la mtu amelala, nusu wakaapa ni fungu la chumvi na mpiga picha alisinzia, wakagombana hadi barabarani, mwanamume mmoja wa Wanhua akampiga shemeji yake kwa mwavuli, na ndoa moja ninayoijua ikavunjika, majina siyataji kwa kuwa mmoja wao yupo humu. Bwana Kuo alikuwa amemwambia Shui-mu, chumvi yangu isiwe nyeupe, iwe kama jino la mzee, kwa sababu katika rangi ile, katikati ya weupe na umanjano, jicho halina hakika, na Shui-mu aliisaka rangi hiyo kwa wiki kadhaa mpaka akaipata.

Tarehe 18 Novemba 1984 alifunga ndoa na mdogo wetu Lien-chu wa Keelung, aliyekuwa akikata na kuunga filamu katika maabara ileile, na mama yetu alipinga kwa sababu kijana alipoletwa nyumbani mara ya kwanza alimwambia mama kwamba ukuta wa sebule una kijani kibaya. Mungu wa ndoa aliwajalia watoto wawili, Pei-wen, aliyezaliwa tarehe 2 Mei 1986, na Kuan-ting, aliyezaliwa tarehe 27 Agosti 1989, ambaye sasa anafanya kazi Hsinchu na tunaendelea kumtafutia mke.

Maabara ilipofungwa marehemu hakukaa bure, alianza kuhukumu diski, filamu za zamani zinapohamishiwa humo ili watu wazitazame nyumbani, akiandika magazetini na baadaye mtandaoni ipi imehamishwa vizuri na ipi imeharibiwa, na alikuwa mkali, bwana yule, kuna kampuni ilichapa upya sanduku zima kwa sababu alisema nyuso za watu zimekuwa kama nta ya mishumaa ya hekaluni. Kwa hiyo, mwezi Januari 2018, Bi Kuo, mjane wa mwongozaji, alipokuja nyumbani na mananasi mawili na uso uliokunjamana, hakushangaza mtu. "Kaka Shui-mu," alisema, "filamu mama imeoza, ukifungua kopo linanuka siki hadi machozi yanakutoka, na nakala iliyobaki imegeuka waridi tupu. Wanaihamishia kwenye diski. Ikitoka vibaya humo, hakuna kwingine, mume wangu atakuwa amekufa mara mbili." Akamwomba awe ndiye atakayesema, hii ndiyo, au hii siyo.

Tarehe 20 Machi kampuni iliyokuwa ikiihamisha ilimwonyesha kazi yao, akakaa saa tatu bila kwenda hata msalani, chumvi akaiona ni jino la mzee lenyewe, akatia sahihi, na jina lake likaandikwa kwenye jalada kwamba rangi zimethibitishwa na Chiu Shui-mu aliyezisawazisha mwaka 1983.

Mwezi Mei ndipo balaa lilipoanza, na lilianza na wali. "Lien-chu," alisema mezani, "mchele huu umeutoa kaburini? Mbona wa manjano?" Mdogo wetu, ambaye mchele aliununua jana yake, alimjibu, "Wa manjano ni wewe, mzee. Jana uliniambia shuka jipya limechakaa, juzi ukamfokea muuza tofu. Dunia nzima imeungua ila wewe?" Hakucheka. Aliweka vijiti chini, akautazama wali, akautazama ukuta, akanyanyua mkono wake mwenyewe kwenye dirisha, na Lien-chu anasema aliona jasho likimtoka mtu aliyekaa chini ya feni.

Tarehe 6 Juni daktari wa macho alimweleza kwamba ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, si wa mwaka huu wala mwaka jana, na kwamba kwa muda mrefu amekuwa akiitazama dunia kana kwamba iko ndani ya glasi ya chai. Alirudi nyumbani akaketi na viatu vyake ndani ya nyumba, jambo ambalo hajawahi kulifanya, kwa maana alikwisha fahamu, kwamba kama kila cheupe yeye anakiona cha manjano, basi ile chumvi aliyoipitisha kwa sahihi yake ilikuwa rangi gani kwa watu wenye macho? Daktari alitaka kumpasua wiki hiyohiyo, yeye akasema ana mafua, kisha akasema siku si njema kwenye kalenda, kisha akasema gari la shemeji limeharibika, nalo lilikuwa zima, nililiendesha mimi. Hakuogopa kisu. Aliogopa siku ya pili yake.

Jicho la kulia lilipasuliwa tarehe 25 Julai, na kitambaa kilipotolewa hakumtazama mkewe wala binti yake, aliomba apelekwe nyumbani, akawasha diski ya majaribio aliyopewa na kampuni, akafumba jicho jipya akatazama kwa lile la zamani, chumvi ikawa jino la mzee, kisha akafumba la zamani akatazama kwa jipya, chumvi ikawa nyeupe ya ukuta wa hospitali, nyeupe yenye buluu, na alipofika mwisho, fungu lile lilikuwa fungu la chumvi, kila punje inaonekana, hamna mtu, hamna umbo, hamna cha kugombania, mwanamke mpumbavu amesimama anatazama chumvi. Aliendelea kufumba huku na kufungua huku mpaka Pei-wen akamwondolea rimoti mkononi.

Haya yanayofuata familia imekubaliana yasomwe. Marehemu alinyamaza. Simu ya kampuni ililia akaiacha ilie, Bi Kuo alileta keki za mbaazi akajifanya amelala, na kila mlio wa pikipiki ya mleta vifurushi aliruka akidhani ndiyo diski imeletwa, kwa kuwa alijua zinachapwa, na kila siku anayonyamaza zinaongezeka. Lien-chu ndiye aliyemwambia, mbele ya madhabahu ya wazee, "Umewavunjia wangapi kazi zao kwa kusema kweli? Leo kweli ina jina lako ndiyo imekuwa moto?" Akapiga simu tarehe 6 Agosti, na meneja, ambaye leo yuko hapa na hatumchukii, alimjibu, "Mzee Chiu, nusu ya watu hawaipendi filamu hiyo kwa rangi yoyote ile. Nani atajua?" Shui-mu akasema, "Bi Kuo," akakata simu, akaenda mwenyewe kwa basi, akakaa ofisini kwao hadi mashine zikasimamishwa, lakini mzigo wa kwanza ulikuwa umekwisha toka.

Kazi ikaanza upya na Bi Fang, fundi wao wa rangi, na hapo hofu ikawa kubwa zaidi, kwa sababu nakala ni waridi tupu, bwana Kuo ni majivu, na kumbukumbu ya Shui-mu haikuwa na shahidi, hata hakujua tena anakumbuka jino la mwaka 1983 au la mwaka jana ndani ya glasi ya chai. Daktari alimwita kwa jicho la kushoto akakataa, akisema ataliacha, aone dunia mbili. Ndipo Bi Fang alipokuta mwanzoni mwa filamu kipande kifupi ambacho watazamaji hawaonyeshwi, uso wa mwanamke kando ya vibao vya kijivu, maana maabara zote ziliweka uso wa mwanamke pale ili msawazishaji aanzie kwenye ngozi anayoijua, na maabara zilikuwa zikimkalisha msichana yeyote wa kazini. Huyu alikuwa Lien-chu, miaka ishirini na mitatu.

Wakamleta. Walimwekea uso wake mkubwa kwenye skrini, akauangalia, akasema, "Nani amenipaka unga? Mmenifanya maiti." Bi Fang akapandisha, akashusha, mdogo wetu akiwa ameketi kama malkia, "bado, mwanangu, wakati ule nilikuwa nashinda bandarini na baba, nilikuwa na jua mwilini, hapo nimekuwa mlevi, rudisha, rudisha kidogo," na Shui-mu nyuma yake, kwa mara ya kwanza katika ndoa yao, akamwachia mtu mwingine aamue rangi. Uso ulipokaa sawa, wakaiacha filamu yote ifuate uso ule.

Tarehe 2 Novemba, baada ya chakula cha mchana, waliitazama nyumbani wawili tu. Mwisho ulipofika, reki ikakwama, Lien-chu akamshika mkono akasema, "Yupo. Nimeuona mguu." Shui-mu akasema, "Mguu gani? Chumvi hiyo." "Una macho gani wewe?" "Yote mawili yanasema chumvi." Wakabishana hadi jirani wa juu akagonga sakafu, na katikati ya mabishano Shui-mu akakaa, akafunika uso kwa mikono, akasema, "Tunagombana." Akampigia Bi Kuo, akamwambia ndiyo hii.

Tarehe 5 Novemba 2018, saa moja asubuhi, moyo wake ulisimama, na alifikishwa hospitali hapa Taipei akiwa amekwisha tutoka.

Familia inawashukuru madaktari, hasa yule wa macho aliyemwambia asichotaka kusikia, tunawashukuru majirani, pamoja na wa juu, muuza tofu aliyekwisha msamehe, Bi Fang, Bi Kuo, wenzake wote wa maabara, waliompenda na waliowahi kuhukumiwa naye. Deni aliloliacha ni moja, ni diski zile za kwanza zilizotoka na jina lake, chumvi nyeupe, fungu tupu, na kama unayo nyumbani tunakuomba uirudishe, familia itakupa nyingine, isiyo na jina la mtu kwenye jalada, kama alivyotaka. Ukiitazama hiyo mpya, usiitazame peke yako, maana mjane tangu siku ile alipouona mguu ameifunika televisheni kwa shuka, na si kwa ajili ya msiba.

Shui-mu, shemeji yetu, sasa fumba yote mawili, upumzike kwa amani.