Harusi Iliyolala Frizani

SHARIFFA: Haloo? Haloo, nani mwenzangu?

TALAL: Mimi, dada. Talal. Shikamoo.

SHARIFFA: Marahaba. Sema haraka, nimesimama juu ya ukuta wa choo.

TALAL: Juu ya ukuta wa choo unafanya nini?

SHARIFFA: Bwejuu nzima mtandao uko hapa tu leo. Majirani wote wananitaz— [mkwaruzo] —haloo?

TALAL: Nakusikia. Watoto hawajambo?

SHARIFFA: Hawajambo. Ile diski ya kompyuta yenye video ya harusi yangu iko wapi?

TALAL: Ipo.

SHARIFFA: Ipo wapi?

TALAL: Ipo... mahali pa baridi.

SHARIFFA: Talal.

TALAL: Ipo kwenye friza, dada.

SHARIFFA: Friza! Hilo la mkeo la barafu za ukwaju?

TALAL: Nimeifunga mifuko miwili! Jamaa mmoja mtandaoni anasema diski ikifa, ukiigandisha inazinduka kidog—

SHARIFFA: Ikifa? Juzi si ulinambia inaumwa tu?

TALAL: Juzi ilikuwa inalia ta-ta-ta. Nikasema, aa, mimi na cheti changu cha kompyuta nishindwe na kidude hichi?

SHARIFFA: Cheti cha miezi mitatu.

TALAL: Nimekitia fremu lakini. Basi nikaichomoa, nikaichomeka, nikaipiga kofi.

SHARIFFA: Umeipiga kofi?!

TALAL: La mapenzi. Ndipo ikanyamaza. Nikachukua bisibisi—

SHARIFFA: Ya Rabbi. Darajani yote ile imejaa mafundi!

TALAL: Nimpelekee fundi vipi? Sherehe ya wanawake ile, shangazi zetu wote vichwa wazi, Bi Rukaiya na lile gauni lake la mgongo nje. Fundi mwanamme, na dukani kwake barza haishi watu. Na wewe mwenyewe uliniapisha mwanamme asiione.

SHARIFFA: Nilikuapisha, kweli. Na wewe je? Wewe si mwanamme?

TALAL: Ndiyo maana kompyuta nimeifunika kanga. Nafanya kazi kwa kupapasa. Mara tatu nimefungua kikokotoo.

SHARIFFA: Mkeo Mayasa si angekutazamia?

TALAL: Kaenda kwao Kizimbani tangu jana. Nikajiona fundi, sikuweza kumngoja. Akirudi atakuta barafu zake zimelala juu ya meza, ukwaju unatiririka mpaka ukumbini. Mimi leo nalala nje, dada, hilo lishapita.

SHARIFFA: Nisikilize. Picha ya marehemu mama tuliyonayo ni ile moja tu ya kitambulisho.

TALAL: Najua.

SHARIFFA: Kakunja uso kama kashtakiwa. Maisha yake yote hakutaka kamera, ila siku ile tu. Mwanangu nimempa jina lake na hata sauti ya bibi yake haijui. Sasa niambie kweli. Imetoka?

TALAL: [mkwaruzo] Mtandao, dada, sikusi—

SHARIFFA: Umenisikia!

TALAL: Kimetoka kipande kimoja.

SHARIFFA: Na vyengine?

TALAL: Ikafanya tiki, ikazima. Nimeirudisha frizani, nimeisomea dua, nimeiomba radhi kwa lile kofi. Haiamki tena. Nisamehe, dada.

SHARIFFA: [anaketi, vijiwe vinaporomoka ukutani]

TALAL: Dada? Ushaanguka?

SHARIFFA: Sijaanguka. Hicho kipande, mama yumo? Anacheza?

TALAL: Sijui, sitazami. Nasikiliza tu. Ngoma, vigelegele, halafu yeye. Ananiita.

SHARIFFA: Wewe?

TALAL: Siku ile si nilikuwa nje mlangoni, msimamizi wa barafu? Basi anapiga ukelele kutoka ndani. Asubuhi hii nimeusikia, wallahi nikainuka. Mtu mzima na ndevu zangu, peke yangu chumbani, natafuta makubazi.

SHARIFFA: [anacheka, anakatiza kicheko] Weka nisikie.

TALAL: Salio langu lina—

SHARIFFA: Weka!

TALAL: Ngoja nipapase. Hiki... hapana, kikokotoo. Hiki hapa.

KOMPYUTA: [ngoma, vigelegele, sauti ya mama] Talal! We Talal! Lete barafu, sharubati ishakuwa chai hii! Talal!

SHARIFFA: [anapenga kamasi]

TALAL: Dada, unalia?

SHARIFFA: Silii. Upepo wa huku.

TALAL: Upepo, eeh. Na huku upo.

SHARIFFA: Hicho usikiguse tena. Usikigandishe, usikipige kofi. Mayasa akirudi ndiye atakayekinakili, wewe kaa mbali.

TALAL: Nshakaa mbali, mikono nimeikalia.

SHARIFFA: Rudia.

TALAL: Simu inanipigia kengele, dada, salio—

SHARIFFA: Rudia, Talal!

KOMPYUTA: [vigelegele] Talal! We Talal! Lete barafu—

SHARIFFA: Sasa mbona umenyamaza? Mama anaita hivyo nawe umekaa tu? Mwitike!

TALAL: Naam, mama! Barafu ipo tele, meza nzima! N'naku—

[Salio limekwisha.]