Makochi Anasomea Darasa la Nne

Benchi hilo liko ng'ambo ya lango la shule, chini ya bati la muuza kahawa, na limezoea kubeba mpira, siasa na ndoa za watu. Siku hiyo likageuka chumba cha mtihani. Fundi Makochi, aliyepata jina hilo kwa kushona makochi ya mtaa mzima, alikuwa amepakata madaftari manne ya bintiye, yaliyojaladiwa kwa gazeti, huku jasho likimtoka. Saa nane wazazi wa darasa la nne walikuwa wanaonana na walimu. Asiyefika, ripoti ya mwanawe haitolewi, na bila ripoti mtoto hapandi la tano. Miaka yote kazi hiyo ni ya mkewe, ila mkewe yuko kwao anamuuguza mama yake. Asubuhi binti alimwambia taratibu, "Baba, labda tumngoje mama." Neno hilo lilimuuma kuliko alivyotaka kukubali. Sasa ilikuwa saa saba na nusu, na alikuwa anajaribu kusoma mwaka mzima kwa nusu saa.

— Anza na hesabu, alisema Hakimu, karani mstaafu wa mahakama ambaye mpaka leo huongea kama anasoma hukumu. Mwalimu akikubana, atakubana hapo.

— Wameandika, "Kadiria kwanza, kisha hesabu."

— Kukadiria ni kukisia, alisema Spana, fundi baiskeli.

— Wanafundishwa kukisia? Makochi akashangaa.

— Mimi nilichapwa kwa kukisia. Kumbe nilikuwa mbele ya wakati.

Makochi akafunua ukurasa.

— "Ipi kubwa, theluthi moja au robo moja?"

— Robo, Spana akajibu upesi. Nne inaizidi tatu.

— Mtoto kaandika theluthi. Kapewa tiki.

— Basi mwalimu naye anakisia.

Muuza kahawa akachukua vikombe viwili, akamimina kimoja theluthi na kingine robo. Wakainama kutazama. Kabla hawajaelewana, Spana akavinywa vyote viwili, ushahidi ukapotea.

— Twende sayansi, Makochi alisema, akifungua daftari jingine. "Maji hupanda yakawa mawingu, yakashuka yakawa mvua, tena na tena. Maji ni yale yale."

Spana akatazama ndani ya kikombe.

— Kwa hiyo hii imeshanywewa?

— Asiyeitaka aniachie kikombe changu, alisema muuza kahawa.

Makochi hakucheka. Alikuwa amerudi kwenye hesabu, penye jedwali. Akasoma polepole:

— "Watu kwenye benchi la kahawa, saa saba mchana. Jumatatu watatu. Jumanne watatu. Jumatano watatu. Alhamisi wawili."

Hakimu akawahesabu waliokaa kwenye benchi: watatu.

— Alhamisi nilikuwa msibani, Spana akajitetea.

— Fungua maarifa ya jamii, Hakimu akaamuru.

Kulikuwa na ramani. Barabara, lango, duka la dawa, na ng'ambo ya lango mstari mfupi wenye vidoti vitatu.

— Hao ni sisi, alisema Hakimu. Mnaona mambo? Hesabu wanatuhesabu, jamii wanatuchora. Hayo si masomo manne, ni somo moja. Watoto wanafunzwa upelelezi. Wakifika la saba, kila mmoja wetu ana faili.

— Na lile la maji? Spana aliuliza kwa wasiwasi.

— Wanachunguza tunakunywa nini.

— Mimi kesho nakaa upande wa pili.

— Watakuchora upande wa pili.

Makochi alikuwa ameshafungua daftari la lugha. Insha iliitwa "Kazi za watu wa mtaa wetu." Hii aliisoma kimoyomoyo. *Mtu wa kwanza huongea. Wa pili hubisha. Wa tatu ni baba yangu. Hushona makochi ya watu, sisi tunakalia mkeka.* Chini mwalimu ameandika kwa wino mwekundu, *Vizuri. Tueleze zaidi kuhusu baba.* Hakukuwa na zaidi. Makochi akaona haya, na hapo hapo akamwonea fahari bintiye, wala hakujua kipi kitangulie.

— Imeandikwa nini? Hakimu aliuliza.

— Mambo ya sarufi.

Mlinzi mpya wa shule, aliyeanza kazi wiki hiyo, akavuka barabara na daftari lake la wageni. Alitaka kikombe kabla hajafunga lango.

— Hapa kuna mzazi wa la nne?

— Yupo, alisema Hakimu. Amejiandaa vilivyo. Muulize lolote.

Makochi akasimama, akajifuta mikono kwenye suruali. Mlinzi akaandika jina la mtoto, akaandika la nne, kisha akangoja, kalamu juu.

— La nne gani?

— La nne la hapa.

— Yako matatu, mzee. A, B na C. Niandike chumba kipi?

Makochi akageukia benchi. Hakimu alikuwa anachungulia kikombe kitupu. Spana akafungua mdomo, akakumbuka yale ya kukisia, akaufunga.

— Niandikie yote matatu, alisema Makochi. Nitagonga mlango mmoja mmoja mpaka nimwone mwalimu wake.