Hiram Wekoye na Injini Iliyolala Katika Nyumba Nne

Watumishi wa Mungu, wazee wa ukoo, majirani mliotoka Matisi kabla ya jua kuchomoza, na nyote mliotuletea miguu yenu hapa Bungoma leo Jumamosi, tarehe 16 Mei 2009, familia imenipa mimi Wakoli, kitinda mimba wa nyumba hii, kazi ya kuwasomea maisha ya kaka yangu Hiram Wekoye, na kwa kuwa Hiram hakupenda kuvishwa sifa zisizo zake, nitayasoma yalivyokuwa, pamoja na yale ambayo kamati ya mazishi iliniomba niyapite upesi upesi.

Hiram alizaliwa tarehe 9 Machi 1954, juu kidogo ya soko la Cheptais, mtoto wa pili baada ya kaka yetu mkubwa Walubengo, wazazi wakiwa marehemu Mzee Wakhungu na Mama Nabwile, ambaye mnamwona ameketi hapa mbele, na tangu utotoni alikuwa na mikono isiyotulia, akafungua redio ya baba ili amwone mtu anayesoma habari, akachapwa, akaifunga tena, na redio ikaendelea kusema ingawa kwa sauti ya mtu mwenye mafua.

Alisoma shule ya msingi hapo Cheptais kuanzia mwaka 1962 hadi 1968, akaingia sekondari hapa Bungoma mwaka 1969, na mwezi Agosti 1970 akatahiriwa, akapata bakoki, wale wa mwaka wake wa kisu, ambao kwa desturi yetu wana ruhusa ya kumtania mtu hadi mbele ya jeneza lake, na nawaona mmejipanga pale nyuma mkingoja zamu yenu. Alimaliza kidato cha nne mwaka 1972, akasomea utabibu wa mifugo, akatunukiwa cheti mwaka 1975.

Serikali ilimwajiri tarehe 5 Januari 1976 kama afisa wa mifugo hapa Bungoma, ikamhamishia Kitale mwaka 1984, na kwa miaka hiyo yote alizunguka kwa pikipiki akiwahudumia ng'ombe wenu, na wengi mliokaa hapa mmekunywa maziwa ambayo bila Hiram yasingekuwepo. Mwaka 2000 wafanyakazi walipopunguzwa, jina lake likawemo, akarudi nyumbani kwake Matisi, kando ya Kitale, na viatu vyake vya mpira mkononi, akakaa mwezi mzima bila kusema lolote la maana, na sisi tuliomjua tulianza kuingiwa na hofu.

Alikuwa amefunga ndoa takatifu tarehe 18 Desemba 1982 na Nanyama, binti wa watu wa Kimilili, na Mungu akawajalia watoto watatu, Nakhumicha, Khisa na Nabwile mdogo, aliyepewa jina la bibi yake. Nanyama alitaka malipo ya kuachishwa kazi yanunue mashine ya kusaga mahindi, jambo ambalo mtu yeyote mwenye akili timamu angelitaka, lakini Hiram alipita siku moja nyuma ya duka la spea mjini Kitale, akaona Volkswagen, ile ya mgongo wa kobe, imekaliwa na kuku, akanunua ile gari na kusahau mashine, na Nanyama ameniruhusu niseme kwamba kwa wiki mbili chakula kililetwa mezani bila salamu.

Mwenye duka lile ni Bwana Parminder, aliyepo hapa, ambaye alikuwa na picha ya bagi, kigari cha kukimbizia mchangani, kisicho na paa wala milango, injini imekaa wazi nyuma kama mkia wa kuku, na ndiye aliyesema Volkswagen ile ikikatwa mwili inaweza kuwa hivyo. Alipoulizwa mchanga uko wapi Kitale, alijibu, "Si kuna mashamba? Mahindi ikishavunwa, hiyo ni jangwa yetu, bana." Wakaungana na Mama Mwihaki, mchoraji wa mabango mjini, na mwalimu Kiplangat wa Saboti, ambaye kwao wanatahiri kama sisi, naye aliingia kisu mwaka ule ule wa 1970, kwa hiyo Hiram akamwita bakoki, na wakatukanana kibakoki kila Jumamosi mchana kwa miaka sita, uani kwa Hiram pale Matisi, chini ya turubai la bluu. Kigari wakakiita Panzi.

Hawakuwa mafundi, na waliokuwa mafundi hasa waliwacheka, ila walikuwa na utaratibu wao ambao sijauona kwingine, kwamba injini ikishafunguliwa, haibaki mahali pamoja, kila mmoja hubeba fungu lake nyumbani akalisafishe, Parminder silinda na pistoni, Mwihaki feni na yale mabati ya kuifunika waliyoyavua tangu mwanzo, Kiplangat kabureta, naye Hiram akabaki na bonge lenyewe chini ya kitanda, na injini haikuweza kufungwa tena mpaka wote wanne wafike. Hiram alisema wamepanga hivyo ili asiwepo wa kumaliza kazi peke yake akajisifu.

Panzi alikimbia, hilo tusilikatae, alikimbia shambani Saboti watu wakashangilia, lakini kila mara, baada ya kupanda kilima kimoja au viwili, injini ilichemka, ikagonga, ikazima, na wazee wakasukuma hadi barabarani huku watoto wakiwaimbia. Walilaumu petroli, wakalaumu oili, wakaulaumu hata mlima kwa kuwa juu mno. Mara ya mwisho waliifungua tarehe 14 Julai 2007, wakagawana mafungu yao, wakaagana kukutana baada ya wiki tatu.

Hawakukutana, kwa sababu miezi ile mlima wetu ulikuwa umeshika moto wa vita vya mashamba, na usiku wa kuamkia tarehe 3 Agosti 2007 watu wenye bunduki waliingia katika boma la baba kule Cheptais, wakamuua kaka yetu Walubengo mlangoni pake, na Mama akashuka mlima na nguo aliyovaa tu. Matanga yaliwekwa Matisi kwa Hiram. Mwalimu Kiplangat alikuja kuhani, amevaa koti lake la shule, na langoni walikuwepo vijana wa ukoo wakamuuliza lugha ya kwao ni ipi, alipoitaja, nayo ikawa ile wasemayo wale wenye bunduki, wakamwambia arudi alikotoka, akarudi, na Hiram aliyekuwa ndani ameshika mkono wa Mama hakujua lolote hadi kesho yake. Aliposikia alikaa chini. Alisema, "Ati mumerudisha bakoki wangu kwa mlango?"

Kisha ikaja Januari 2008 mnayoikumbuka wote, ya ghasia za baada ya uchaguzi, kibanda cha Mwihaki kikachomwa pamoja na mabango yake, akahamia kambini kwenye uwanja wa maonyesho Kitale. Mwezi Machi mwaka huo mwanawe Kiplangat wa kwanza alichukuliwa nyumbani na watu wasiojulikana, na hadi leo ninaposoma hajaonekana. Injini ya Panzi ikawa imelala katika nyumba nne, moja ya matanga, moja ya turubai la kambini, moja ya kungoja mtoto, na moja tu, ya Parminder, iliyokuwa na mlango uliofungwa vizuri usiku.

Sasa Hiram, ambaye sukari ilikuwa imemshika tangu mwaka 2004 na miguu ikianza kufa ganzi, aliingiwa na jambo moja tu, kwamba injini ile ifungwe, na ifungwe na wenyewe wanne, na sisi tulimwona kama aliyechanganyikiwa, maana nyumba imefiwa, Mama analia kila asubuhi, na yeye anaulizia kabureta. Alikwenda kwanza kambini, akamkuta Mwihaki anapika uji kwenye upepo, na jiko lake amelizungushia yale mabati ya injini, ambayo, pamoja na feni, ndiyo mali pekee aliyoiokoa kwa kuwa yalikuwa ndani ya beseni alilokimbia nalo. Mwihaki alimkaribisha kigoda, akamwambia, "Baba Nakhumicha, mimi nimekaa hapa nikiangalia hii moto. Nikitoa bati, upepo unapita kando na uji haiivi. Nikirudisha, upepo inaenda penye naiambia iende. Na si sisi ndio tulitoa haya mabati kwa Panzi, ati ndio injini ionekane vizuri?"

Ndugu waombolezaji, injini ya Volkswagen haina maji, hupozwa na upepo wa feni, na mabati yale, waliyoyavua siku ya kwanza kwa ajili ya urembo, ndiyo yanayoupeleka upepo kwenye silinda, na kwa miaka sita watu wanne wazima walikuwa wameichoma injini yao kwa mikono yao kwa sababu ilipendeza ikiwa uchi. Hiram alicheka pale kambini hadi majirani wa Mwihaki wakaja kuuliza, na Mwihaki anasema alipomaliza kucheka aliendelea kutoa machozi.

Mwezi Juni 2008 mafungu matatu yalikuwa yamerudi chini ya turubai la bluu, na mabati yamepakwa rangi upya, imebaki kabureta. Tarehe 12 Julai Hiram alipanda baiskeli, na miguu ile yake, hadi Saboti, akamkuta Kiplangat amesimama upande wa ndani wa ua wake. Hakufunguliwa. Walisalimiana juu ya miiba, Hiram akampa pole ya mtoto, akasema pia kwamba siku ya matanga hakujua, na Kiplangat akamwambia, "Kabureta iko. Nitaileta mwenyewe, siku nitaweza kukaa kwako bila kuangalia mlango." Hiram aliporudi Nanyama alimuuliza kama amepata, akasema amepata jibu.

Parminder alijitolea kuleta kabureta mpya, hata kesho yake asubuhi, na sisi familia tulimsihi Hiram akubali ili moyo wake utulie, lakini alisema ile ya Kiplangat haina shida yoyote. Kila Jumamosi mchana alitoa viti vinne uani. Mwihaki alikuja, Parminder alikuja, walipiga soga, walikunywa chai, wakifuta vumbi juu ya injini iliyokuwa tayari yote isipokuwa mahali pamoja, na Hiram alikaa akiwa ameelekeza uso barabarani. Nilimuonea uchungu, na siku nyingine nilimkasirikia, kwa sababu damu ya Walubengo ilikuwa bado inaniwasha, na sikuelewa mtu anawezaje kungoja hivyo.

Mwezi Oktoba 2008 figo zilianza kushindwa, akawa anapelekwa Eldoret kusafishwa damu, akapungua, akawa mwepesi hata Khisa akimbeba peke yake kumtoa uani siku za Jumamosi, na alikata roho Alhamisi tarehe 7 Mei 2009, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na miaka hamsini na mitano. Tunamzika hapa Bungoma, kwenye ardhi ya ukoo, na si kando ya baba na Walubengo kwa sababu kule bomani Cheptais bado hatujarudi, na hilo nalo linatuuma.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Kitale na Eldoret, waliomvumilia hata alipowaeleza mashine yao ya damu inavyofanya kazi, maafisa wenzake wa mifugo, majirani wa Matisi mliochanga kuni na usingizi, kanisa, Bwana Parminder aliyegharimia gari la mwili, na Mama Mwihaki aliyeandika msalaba huu kwa mkono wake.

Kuna mmoja nimebakiza. Wakati naanza kusoma, Khisa alikuja akaninong'oneza kwamba mwalimu Kiplangat amesimama nje ya lango, tangu asubuhi, kando ya lori la waombolezaji, na hajaingia. Nimemtazama Mama, ambaye leo anazika mwana wa pili, nikamuuliza kwa macho, na Mama amesogea kwenye benchi lake, akaacha nafasi. Kwa hiyo vijana mlio langoni, ondokeni hapo. Mwalimu, hatukuulizi umebeba nini, hata kama mikono ni mitupu, ingia ukae na Mama, na bakoki wenzako watakupisha, kwa maana hatutamshusha huyu mtu kaburini akiwa bado anakungoja.

Nasi tutangoja. Pumzika basi, Hiram, kwa amani, anakuja.