Mikungu ya Roketi

Mwaka huo wa 1958 kijiwe chetu mjini Kisii kilikuwa kimechoka. Tulikuwa tumechangia bati za kanisa, hisa za chama cha kahawa, kombe la mpira la chifu, na mazishi ya watu ambao hatukuwahi kuwaamkia. Benchi letu lilikuwa pale malori ya Kisumu yanapopakia, na Faraji, muuza kahawa, alitumiminia vikombe kama mtu anayetia dawa kwenye kidonda cha zamani. Hapo ndipo alipotufikia Ratemo wa Mosocho, kijana wetu wa chuo kikuu kule Kampala, na habari kwamba yeye na wenzake wanaunda roketi. Kila mmoja alitumwa kwao likizo hiyo akatafute fungu lake. Fungu la Ratemo lilikuwa bomba la chuma, yaani roketi yenyewe. Bila bomba, hayo mengine yote ni moshi. Lori lake lilikuwa linaondoka mchana huo, na mfukoni alikuwa na nauli tu.

Aliyeanza ni Machogu, mkalimani mstaafu wa mahakama, ambaye kijiweni tunamwita Hakimu.

Hakimu: Kibali cha kuchangisha umepata?

Ratemo: Sijapata, mzee. Karani ana kibali cha kanisa, cha shule, cha mazishi na cha mpira. Roketi haimo. Akanituma polisi kwa sababu ya baruti. Polisi wakauliza kama tutatia mbwa ndani, kama Warusi walivyofanya mwaka jana. Nikasema bado. Wakanituma kwa watu wa mifugo.

Hakimu: Na wa mifugo?

Ratemo: Wanataka kumwona mbwa.

Obiero, fundi wa baiskeli kutoka kando ya ziwa, alicheka peke yake. Sisi wengine tuliwahi kutafuta vibali.

Joash: Itatufaa nini lakini, momura, kijana wetu?

Joash ni Msabato. Analima kahawa lakini kanisa halimruhusu kuinywa, kwa hiyo Faraji humpa maji moto, na jina lake la kijiweni ni hilo hilo, Maji Moto.

Ratemo: Itapanda, tupime hali ya hewa huko juu, kisha...

Obiero: Mvua ya mawe! Omera, ndugu yangu, hukuona ilivyopasua migomba ya Nyamache? Roketi inalipiga wingu tumboni, linatapika maji kabla hayajawa mawe.

Joash: Na wafunga mvua watakula wapi? Mwenda pole hajikwai.

Hakimu: Mnafikiri padogo. Kahawa ya Joash inapita chama, inapita bodi ya kahawa, inapita meli, na kila mmoja anailamba. Itie kwenye roketi! Asubuhi Mosocho, jioni London. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Ukiona vyaruka, vimekwepa bodi.

Obiero: Kahawa ya nini? Tia barua. Inamfikia Malkia karani akiwa bado anatafuta muhuri.

Hakimu: Na jibu lake litarudi kwa karani.

Ulikuwa ukweli, na ukweli huharibu kahawa.

Ratemo: Wazee wangu, lori halitaningoja. Nikirudi bila bomba, wenzangu kazi yao yote imekwisha. Hata kidogo.

Joash: Kutoa ni moyo, mwanangu. Na moyo umechoka.

Hakimu aliweka kikombe chini. Tuliijua ishara hiyo: sheria inakuja.

Hakimu: Kilichokatazwa bila kibali ni kuchangisha fedha. Ndizi zimetajwa?

Obiero: Hazikutajwa.

Hakimu: Kumpa mtoto wa nyumbani mkungu wa ndizi si mchango, ni mapenzi. Akauze huko mbele, anunue bomba lake.

Joash: Auze Kisumu?

Hakimu: Kisumu ni Kenya, kibali kitamfuata. Auze Kampala. Uganda ni serikali nyingine.

Ratemo: Mzee, lakini Kampala kwenyewe...

Hakimu: Nyamaza, unasaidiwa.

Uchovu ulituacha ghafla. Joash akamtuma mtu kwa mkewe Bathsheba, Bathsheba akawaambia wanawake wa sokoni, na kabla ya saa sita mikungu ilikuwa imeziba njia. Ya Mosocho ilikuwa minene. Ya Birongo ilikuwa mingi zaidi, kwa sababu Birongo walisikia Mosocho wametoa.

Ratemo: Wazee, naomba niseme neno moja...

Joash: Shukrani utasema ukirudi.

Ndipo akatokea Nereah, muuza samaki kutoka Kendu, anatafuta nafasi ya makapu yake kwenye lori.

Nereah: Hamjambo, wazee. Harusi ya nani?

Hakimu: Si harusi, mama. Ni roketi.

Nereah aliitazama ile mikungu kwa heshima.

Obiero: Ndizi zinakwenda kuuzwa Kampala.

Nereah: Kampala! Na huko Kampala watu hula nini?

Obiero, aliyewahi kufanya kazi Jinja, huko huko Uganda, na kula matoke, yaani ndizi, asubuhi, mchana na jioni, alianza kuhesabu mikungu upya. Joash alichungulia maji yake. Hakimu alinyoosha kikombe. Faraji akainamisha birika, na halikutoa kitu ila mashapo.

Lori likapiga honi. Ratemo alivua koti lake la chuo, akalikunja vizuri, akaliweka begani, akajitwika mkungu wa kwanza kuupeleka kwenye lori.