Mwalimu Arlys Beran, Aliyeipigania Kura Iliyomkataa

Mwalimu Arlys Marie Beran alizaliwa tarehe 9 Machi 1938 katika shamba la ngano kaskazini mwa Dorsey Creek, mtoto wa tatu wa Emil na Albina Kucera. Nje kulikuwa na dhoruba ya theluji, daktari akachelewa njiani, na mtoto hakumngoja. Waliomfahamu baadaye hawalishangai hilo hata kidogo.

Elimu ya msingi aliipata katika shule ya chumba kimoja iliyokuwa ng'ambo ya kijito, akamaliza sekondari ya Dorsey Creek mwaka 1955 na chuo cha ualimu mwaka 1959. Mwaka huohuo alirudi nyumbani kufundisha historia na uraia katika sekondari aliyosoma, akafundisha hapo miaka thelathini. Alikuwa mkali. Nusu ya watu waliomo kanisani leo wamewahi kuambiwa na marehemu wakae wima, na baadhi yao wamekaa wima hivi sasa bila kujua kwa nini.

Tarehe 10 Juni 1961 alifunga ndoa na Milo Beran katika kanisa hilihili. Milo alikuwa kijana mpole mwenye adabu zake. Alikwenda kwanza kwa Mzee Emil kuomba ruhusa, kisha akaja kwenye dansi ya Jumamosi uso umemng'aa.

"Baba yako amekubali," alimwambia.

"Vizuri. Basi muoe yeye," alijibu Arlys. "Mimi hujaniuliza."

Milo aliuliza, akajibiwa wiki iliyofuata. Mungu aliwajalia watoto wawili, Joleen, anayesoma wasifu huu, na Randy. Milo alitutangulia mwaka 2009.

Mwezi Mei 1989 bodi ya elimu ya jimbo iliifunga sekondari ya Dorsey Creek na kuwahamishia wanafunzi mji wa Garrity. Wajumbe wote wa bodi walikuwa wameteuliwa na gavana, na hakuna hata mmoja aliyeishi huku kwenye ngano. Watoto wetu wakaanza kupanda basi la shule gizani, barabara barafu tupu, wakifika darasani wamechoka kabla ya somo la kwanza. Kwenye kikao cha kusikiliza maoni marehemu alipewa dakika mbili. Alimgeukia mwenyekiti.

"Ndugu mwenyekiti, wewe alikuchagua nani?"

"Niliteuliwa na gavana, mama."

"Na sisi tukikuchoka, tufanyeje?"

"Mnaweza kumwandikia gavana."

"Kwa hiyo tumwombe aliyekutuma akufukuze kwa sababu umefanya alichokutuma."

Ukumbi mzima ulicheka. Mwenyekiti hakucheka, na shule ikabaki imefungwa.

Mwaka uliofuata gavana alifikiri amepata dawa ya kumnyamazisha. Alimteua yeye kuwa mjumbe wa bodi. Majirani walifurahi, wakadhani mambo yamekwisha. Marehemu alikipokea kiti kile, na katika kikao chake cha kwanza akatoa hoja kwamba wajumbe wa bodi wachaguliwe na wananchi kwa kura, kuanzia na kiti chake mwenyewe. Hakuna aliyemuunga mkono. Akaitoa tena kikao kilichofuata, na kilichofuata, karibu mwaka mzima, nayo ikawa inafia mezani kila mara. Hatimaye alijiuzulu, akaingia barabarani kukusanya saini ili suala lipelekwe kwenye kura ya maoni. Alisimama kwenye minada ya ng'ombe, kwenye mechi za Ijumaa, kwenye karamu za samaki za Kwaresima. Aliyemwambia kwamba elimu ni mambo ya wataalamu alijibiwa papo hapo: "Mtaalamu tumwajiri. Mimi nataka kumchagua anayemwajiri."

Novemba 1992 wananchi wa jimbo hili walisema ndiyo. Tangu siku hiyo wajumbe wa bodi huchaguliwa.

Mwaka 1994 marehemu aligombea kiti cha huku kwetu. Mpinzani wake alikuwa Duane Teichmeier, muuzaji wa mitambo ya kumwagilia mashamba, ambaye zamani alifelishwa na marehemu somo la uraia akalazimika kulirudia likizo ya kiangazi. Duane aliwajua wakulima wote, na mbwa wao pia. Marehemu yeye alipita nyumba kwa nyumba akisema kweli: shule ya Dorsey Creek haitafunguliwa tena, na kodi ya ardhi lazima ipande kidogo ili zilizobaki zisifungwe. Watu walimkaribisha, wakampa kahawa, wakamsikiliza hadi mwisho, kisha wakampigia kura Duane. Hata hapa Dorsey Creek alishindwa.

Alilia. Ni vizuri lisemwe, maana wengi mlidhani alikuwa jiwe. Alilia jikoni, Milo amemshika bega. Asubuhi akavaa koti akaenda mkahawani kama kawaida yake, na mwandishi wa gazeti akamfuata mezani.

"Mwalimu, baada ya yote haya, huoni uteuzi ulikuwa bora?"

"Bora kwa nani?"

"Kwako. Ungekuwa na kiti chako mpaka leo."

"Kijana, kile kiti hakikuwa changu. Nimekataliwa na watu ninaowajua kwa majina, na baada ya miaka minne wanaweza kumkataa na yeye. Andika hivyohivyo, usinipambe."

Mwaka 1997 bodi ilitaka kuifunga shule ya msingi ya Plum Hollow, na Duane alitangaza kwamba ataunga mkono. Jumapili moja marehemu alibisha hodi mlangoni pake, wazazi wa Plum Hollow wamejaa uani nyuma yake.

"Mwalimu, mimi nimefuata takwimu," alisema Duane.

"Vizuri. Na hawa watakufuata wewe kwenye uchaguzi mwakani."

"Unanitisha?"

"Ndiyo, Duane. Uchaguzi una kazi gani nyingine?"

Duane alibadili msimamo, na Plum Hollow wanasoma hadi leo. Mwenyewe alikiri baadaye kwamba aliogopa. Marehemu alimwambia hilo tu ndilo alilokuwa akilitafuta miaka yote, mjumbe mwenye watu wa kuwaogopa. Tangu hapo Duane alikuwa akipita jikoni kwake kabla ya kila kikao cha bodi, anakula kolachi, yale maandazi yenye plamu ndani, na kugombezwa. Marehemu hakuwahi kumpigia kura hata mara moja, na hakumficha. Leo Duane ni miongoni mwa wabeba jeneza, kwa agizo la marehemu mwenyewe.

Mwaka 2021 alianza kusumbuliwa na mapafu. Januari mwaka huu ulipoletwa bungeni muswada wa kurudisha uteuzi wa gavana, daktari alimkataza safari ya makao makuu ya jimbo. "Daktari huyu nilimchagua mwenyewe," alisema, "naweza kumwacha." Joleen alimpeleka kwa gari pamoja na mtungi wake wa oksijeni. Mbele ya kamati alisema maneno machache, akivuta pumzi kila baada ya sentensi.

"Mnasema wananchi hukosea. Ni kweli. Walinikataa mimi. Bado nataka wachague wao."

Kamati iliupitisha muswada kwa tofauti ya kura moja. Bunge zima litaupigia kura Jumanne hii. Jumapili iliyopita, akiwa kitandani, aliuliza kama kuna watu wa kwenda bungeni siku hiyo. Joleen akamwambia basi limejaa.

"Basi ongezeni la pili," alisema, akalala.

Mwalimu Arlys alifariki dunia nyumbani kwake jioni ya Jumatatu, tarehe 6 Februari 2023, akiwa na umri wa miaka 84.

Ameacha dada yake Bernadine. Bintiye Joleen na mumewe Curt. Mwanawe Randy na mkewe Denise. Wajukuu watano na vitukuu wawili. Ameacha pia haki moja iliyo hai, ambayo wapo wanaotaka tuizike pamoja naye. Hatutaizika. Mabasi mawili yataondoka mbele ya kanisa hili Jumanne saa kumi na moja alfajiri, na nafasi bado zipo.

Apumzike, Mwalimu wetu. Amani tutamletea Jumanne jioni.