Mwanga Uliopita Katika Damu Yangu

Mwaka 2021, mvua za masika zikianza, nilikuwa na umri wa miaka hamsini na minne. Jina la Bwana litukuzwe, ndugu zangu! Nawaeleza jinsi alivyonitoa katika upweke ambao sikuuchagua.

Mwezi wa Machi tulimzika mume wangu. Mwezi wa Mei tumbo langu likaanza kuuma na kutoa damu. Nilikimbilia chooni mpaka nikaogopa kuvuka barabara. Mimi niliyeanza shule nikiwa mtu mzima, nikapata diploma yangu nywele zikiwa nyeupe, ningewaambiaje watu kwamba nachafua nguo? Nikanyamaza.

Mwezi wa Agosti nilimtembelea wifi yangu, dada mkubwa wa marehemu, kule Nyakabiga. Mnaijua desturi yetu: mwenye nyumba hufungua chupa ya soda mbele ya mgeni na kuionja kwanza, ili mgeni aone kwamba haina sumu. Wifi akaionja, akanipa. Nikaikataa, kwa sababu kila nilichokunywa kilinichoma. Ndugu zangu, kukataa chupa iliyokwisha kuonjwa!

"Sasa mi nimekuwa mulozi?" wifi akauliza, amesimama.

Tumbo lilikuwa limenishika, nikatoka mbio.

Tangu siku hiyo hakuna mtu wa ukoo wa mume wangu aliyekanyaga kwangu. Mwaka ulipotimia, kuganduka, yaani siku ya kumaliza kilio, kukaahirishwa. Mjane hawezi kumaliza kilio peke yake. Ukoo ndio unaotamka. Jumapili nilisali chumbani, nikisikia nyimbo zenu kwa mbali. Nilizoea kupika chakula cha mtu mmoja, na hata hicho sikukimaliza.

Daktari mmoja wa mtaa wa Rohero ndiye aliyeutaja ugonjwa: Crohn. Chembe nyeupe za damu, ambazo Mungu aliziweka zitulinde, zilikuwa zinaushambulia utumbo wangu kama adui. Dawa zilinituliza kwa muda, kisha zikashindwa. Mdogo wangu anayeishi Ubelgiji akanitafutia nafasi katika utafiti wa hospitali moja ya huko. Nilifika Februari 2023, wakati wa baridi.

Walivuta damu yangu kwa mrija, wakatenga chembe nyeupe, wakazitia dawa ya kuzifanya zihisi mwanga, wakazimulika kwa mwanga wa urujuanimno, usioonekana kwa macho, kisha wakazirudisha mwilini. Wanaamini kwamba chembe zilizomulikwa huzifundisha nyingine kutulia.

"Mama, si kila mgonjwa anapata nafuu," daktari aliniambia. "Na sisi bado tunajifunza."

Baada ya kila tiba nilivaa miwani myeusi ili jua lisiniumize macho. Nilikaa dirishani nikiitazama mitaa ambamo hakuna aliyemjua mume wangu. Niliomba: Bwana, ingia pale mashine isipofika!

Mwezi wa Juni damu ilikoma. Hawakuniambia nimepona milele. Wananipima mpaka leo. Lakini niliweza kula, na kulala, na kukaa. Ndugu zangu, kukaa tu!

Nilirudi Septemba, nikaenda Nyakabiga moja kwa moja, nikamweleza wifi yote, damu na choo bila kuficha. Alinitazama, akapiga makofi.

"We mutu! Miaka miwili nawaza umenizania mulozi, kumbe ni tumbo! Si ungesema tu, nikuoneshe mulango wa choo?"

Tulicheka, kisha tukalia, maana hatukuwa tumemaliza kumlilia ndugu yake pamoja.

Ewe unayejifungia na ugonjwa wa aibu, mwamini Bwana, umwone daktari, na umwambie mtu mmoja. Namshukuru Mungu, na wote ambao mikono yao aliitumia.

Jumamosi, tarehe 14 Oktoba 2023, ukoo ulikusanyika. Niliketi kando ya wifi toka hotuba ya kwanza mpaka ya mwisho. Mkubwa wa ukoo akasimama, akalitaja jina la mume wangu, akatamka kwamba kilio kimekwisha.